Kabla ya Mtoto, Mpigie Mzazi

Mjini Isiolo, kijana wa miaka 15 anayetaka kuzungumza na mwanasaikolojia mtandaoni hukutana na tatizo kabla hata ya suala la pesa: simu si yake. Ni ya mama, au ya kaka mkubwa, na hurudi nyumbani jioni chaji ikiwa imebaki kidogo. Namba ya siri mama anaijua. Ujumbe ukiingia, anausoma yeyote aliyeishika. Yule mtaalamu aliyeko Nairobi, aliyejiandaa kwa kikao cha faragha, anategemea hisani ya mtu ambaye hajawahi kuzungumza naye.

Msimamo wangu, baada ya miaka ya kufanya ushauri nasaha na familia za kaskazini, ni kwamba tiba ya mtandaoni inaweza kuwafaa sana vijana wenye wasiwasi wa kaunti hii, lakini haitawafaa mpaka mzazi awe mteja wa kwanza. Huduma nyingi zimebuniwa kwa kudhani kwamba mzazi ni kizuizi, mtu wa kuzungukwa ili mtoto asaidike. Huko zilikobuniwa, kijana ana simu yake, chumba chake na mlango unaofungwa. Ukizileta Isiolo, Bulla Pesa au Kinna, jinsi zilivyo, zinakwama siku ya kwanza, kisha lawama anatupiwa mzazi kwamba hajaelimika.

Uhitaji wenyewe hauna ubishi. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022 na kituo cha utafiti cha APHRC pamoja na washirika wake, ulionyesha kwamba asilimia 44.3 ya vijana wa Kenya walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha ugonjwa kamili. Wasiwasi ndio uliokuwa tatizo lililoenea zaidi. Miaka mitano kabla ya hapo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuwa ameripoti kwamba ni hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne na kuendelea zilizotoa huduma za afya ya akili. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga likapendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa.

Sasa ziweke takwimu hizo juu ya ramani ya Isiolo. Kaunti ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Mtoto wa Merti au Oldonyiro anayehitaji kuonana na mtaalamu kila wiki anahitaji nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na mzazi aliyeacha mifugo au kibanda cha biashara siku mbili. Kikao kimoja na mtaalamu wa binafsi jijini kinaweza kukaribia bei ya mbuzi mdogo. Kwa hesabu hiyo, simu si anasa. Ndiyo njia pekee ya huduma ya kila wiki inayoweza kufika huko katika maisha ya kijana huyu kabla hajawa mtu mzima.

Lakini wasiwasi wa kijana hauji nyumbani ukijitambulisha kwa jina hilo. Unakuja kama tumbo linalouma Jumapili jioni, kichwa, moyo unaodunda, mikono inayotoka jasho, pumzi inayokatika darasani. Mama anampeleka kliniki, anapimwa malaria na taifodi, anapewa dawa, anarudi. Wiki mbili baadaye tumbo ni lile lile. Anapelekwa kwa sheikh akasomewe, au kwa mchungaji akaombewe. Kwa Waturkana huenda akaitwa mganga wa jadi, emuron, na kwa Wasamburu laiboni. Mtu akisema huyu mzazi hakufanya chochote, basi msemaji ndiye hakufuatilia. Mzazi amezunguka, amelipa, amekesha. Ila kila mlango aliougonga ulimpa jina jingine la tatizo.

Chukua mfano wa msichana wa sekondari aliye bweni. Anaogopa kuitwa mbele ya darasa. Siku moja anatetemeka ubaoni, wenzake wanacheka, na tangu hapo tumbo linamkata kila kukiwa na somo lile. Shule inampigia mama, mama anakuja na bodaboda, anamchukua. Akifika nyumbani maumivu yanaisha jioni ile ile. Mama anashukuru Mungu, mtoto anapumua. Wiki inayofuata hofu inarudi ikiwa kubwa zaidi, kwa sababu mwili umejifunza kwamba dawa ya ubao ni kwenda nyumbani. Huo ndio utaratibu wa wasiwasi popote duniani: kukimbia kunatuliza leo na kunaongeza hofu kesho. Anayempa mtoto nafasi ya kukimbia ni mtu anayempenda kuliko wote, na anafanya hivyo kwa huruma.

Ndiyo maana kazi ya Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ningependa kila mzazi wa Isiolo aisikie. Waliwachukua watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye matatizo ya wasiwasi. Baadhi walipata wenyewe tiba ya kisaikolojia iliyothibitishwa kufaa. Kwa wengine, mtaalamu alikutana na wazazi tu, kwa vikao 12 vya kila wiki, na mtoto hakupewa kikao hata kimoja cha tiba. Matokeo yalipochapishwa, waliotibiwa kupitia wazazi hawakupitwa na wale waliotibiwa wenyewe.

Wazazi wale walifundishwa mambo mawili. La kwanza ni kupunguza hatua kwa hatua yale wanayoyafanya ili mtoto asikutane na hofu yake: kumjibia anapoulizwa swali, kumchukua shule, kulala naye. La pili ni namna ya kusema. Katika nyumba zetu nimezoea kusikia nusu moja tu ya sentensi inayohitajika. Baba husema, “Acha uoga, wenzako wanachunga ngamia usiku.” Nyanya husema, “Pole mama, kaa nyumbani upumzike.” Mtoto anayeambiwa la kwanza anajiona hana mtu anayemwelewa, anayeambiwa la pili anaamini kweli hawezi. Kinachotakiwa ni zote mbili kwa pamoja: najua unaogopa, tena sana, na najua utaweza kuivumilia hofu hiyo. Kisha hatua ndogo inafuata. Leo msalimie mwalimu mlangoni. Kesho kaa kipindi kizima hata tumbo likiuma. Wiki ijayo uliza swali moja ukiwa umekaa. Ubao utafika zamu yake.

Hayo yote mama anaweza kufundishwa kwa simu ya kabambe, ile ya vitufe. Hahitaji programu, hahitaji bando, hahitaji kuonekana usoni. Anahitaji mtu anayezungumza lugha anayoielewa, dakika 40 kwa wiki, na saa ambayo ametoka sokoni na hajaanza kupika. Watoa huduma wanapenda video kwa sababu inafanana na ofisi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa kuanzia miaka 3 walikuwa wakitumia intaneti, na hata kama hali imebadilika tangu hapo, hailingani kati ya mji wa Isiolo na vijiji vya Cherab. Sauti inatosha kuanzia.

Mzazi Mwislamu anayehofia kwamba haya ni mambo ya wazungu ajue kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha siha ya mwili na nafsi, na humo alitenga nafasi kwa hofu, huzuni, hasira na mawazo yanayomrudia mtu bila kukoma. Kwa anayeogopa kitu kisichostahili kuogopwa, alishauri aizoeshe nafsi yake kitu hicho mara kwa mara mpaka iache kukikimbia. Profesa Malik Badri wa Sudan alitafsiri sehemu yake ya nafsi kwa Kiingereza, na tafsiri ikachapishwa mwaka 2013. Sheikh anayemsomea mtoto ruqya Ijumaa hapingani na mshauri anayempigia mama Jumanne. Nimeona mambo yakienda vizuri zaidi pale sheikh mwenyewe anapomwambia mama afuate yote mawili.

Hata hivyo, imani ya dini si sababu kubwa ya wazazi kukataa. Sababu kubwa, kwa nilivyoisikia ikirudiwa, ni swali hili: huyo mtu ni nani, na kwa nini anataka kuzungumza na mtoto wangu nikiwa sipo?

Swali hilo Isiolo lina historia. Katika miaka ya 2010 kaunti hii ilitajwa mara kwa mara miongoni mwa zile ambako Al-Shabaab walisaka vijana. Kuna nyumba zilizoamka asubuhi zikakuta kitanda kitupu, na baadaye zikasikia mtoto yuko Somalia. Mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi yalianza kwa mtu mpole, asiyejulikana, anayemsikiliza kijana, anayemwambia kwamba wazazi wake hawamwelewi, na anayemsihi asimwambie mtu. Halafu aje mtaalamu wa afya ya akili, mpole, asiyejulikana, amsikilize kijana kwa siri kupitia simu! Mzazi anayeshtuka hapo hana ujinga wowote. Ana kumbukumbu. Mimi ningekuwa na hofu zaidi na mzazi ambaye hashtuki.

Ipo kumbukumbu ya mbali zaidi. Wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya watu wa eneo la Waso hapa Isiolo na mifugo yao katika kambi za Garbatulla, Merti na Modogashe, na mifugo ikateketea. Wazee wanakiita kipindi hicho Daba. Waliokuwa watoto kambini ndio babu na nyanya wa vijana wa leo. Walivuka kwa kukaza roho na kunyamaza, wakalea hivyo hivyo, na malezi hayo yalisaidia watu kubaki hai. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe wakafa tena, na watu wazima wakanyamaza tena. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati huo aliona kila kitu na hakuelezwa chochote. Sasa ana miaka 15 na hapati usingizi. Ukimwambia baba yake kwamba dawa ni kuzungumza, unamwomba afanye kinyume cha kile kilichomwokoa yeye na baba yake. Haitoshi kumwambia apakue programu.

Na kuhusu siri za mtandaoni, wazazi wana haki ya kuuliza zaidi ya wanavyojua. Mwaka 2023 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliilazimisha BetterHelp, moja ya kampuni kubwa zaidi za tiba ya mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa Facebook, Snapchat na wengineo taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Huko Finland, kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 maelfu ya watu wakaanza kutishwa kwamba wasipolipa, waliyomweleza mtaalamu wao yatawekwa hadharani. Katika mji ambao watu wanajuana kwa ukoo na mtaa, na ambako swali la “nani atamwoa?” linaulizwa mapema, taarifa moja ikivuja inatosha kumwandama binti miaka mingi.

Mzazi anayepewa huduma basi aulize bila aibu. Mtaalamu amesajiliwa wapi? Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na mtu mwenye cheti hachukii kuulizwa. Mazungumzo yanarekodiwa? Yanahifadhiwa wapi? Nikitaka yafutwe nimwambie nani? Halafu lile kubwa kuliko yote: ni mambo gani utaniambia, na yapi hutaniambia? Jibu zuri hutolewa mzazi na mtoto wote wakisikiliza, simu ikiwa kwenye spika, siku ya kwanza. Mtaalamu anasema kwamba ya shule, marafiki na mawazo ya kawaida ya ujana yatabaki kati yake na mtoto. Lakini mtoto akiwa katika hatari ya kujidhuru au kudhuriwa, mzazi au mtu mzima mwingine wa kuaminika ataambiwa, na mtoto atajulishwa kwanza. Makubaliano hayo yanachukua dakika 10. Nimeona yakiokoa matibabu ambayo yangekufa wiki ya pili.

Yapo mazingira ambamo haya ninayoyasema hayafai, na lazima niyataje. Mzazi huyo huyo anaweza kuwa ndiye chanzo cha hofu. Msichana anayekosa usingizi kwa sababu amesikia mahari inazungumzwa, au kwa sababu likizo inakuja na anajua kisu kinamsubiri, hana wasiwasi wa kutibiwa kwa kumwita mama kwenye spika. Hofu yake inasema kweli. Ukeketaji ni kosa la jinai kwa sheria ya 2011, na ndoa ya aliye chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, lakini inaweka nafasi kwa wale ambao kazi yao pekee ni kumpa mtoto ushauri nasaha au ulinzi: wanaweza kutolazimika kupata idhini hiyo. Namba 116 ya watoto inapigwa bure. Mtaalamu mwenye busara huuliza mapema, kwa swali linalojibika kwa ndiyo au hapana ili aliye karibu na simu asielewe, kama nyumbani kuna usalama. Jibu likiwa hapana, mpango wote unabadilika, na mzazi hawi tena mteja wa kwanza.

Kwa walio wengi lakini, nyumbani kuna upendo na hakuna nafasi. Nyumba ya vyumba viwili, watoto sita, mjomba sebuleni. Kijana atazungumzia wapi? Wengine hutembea mpaka ukingoni mwa mtaa, simu sikioni, na majirani wanaanza kusema ana mpenzi. Hapa napenda mfano wa Shamiri, taasisi iliyoanzishwa Kenya na Tom Osborn. Wao huwafundisha vijana wa miaka 18 hadi 22 kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi shuleni kwa vikao vinne, vinavyohusu kukua, kushukuru na yale mtu anayoyathamini. Hawaanzi kwa kumwambia mtoto ana ugonjwa. Jaribio lao kwa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha dalili za huzuni na za wasiwasi zikipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Walijaribu pia somo la mara moja kwa kompyuta, kwa wanafunzi 103, na dalili za huzuni zikapungua wiki mbili baadaye. Kiambu si Garbatulla, na wiki mbili si mwaka. Lakini kikundi kinachokutana shuleni mchana hakimlazimishi mtoto atafute kona ya kuongea, wala hakimpi mzazi jina la kuogofya la kupeleka nyumbani.

Jambo jingine linanikosesha amani: mtaalamu wa mbali anafanya nini mambo yakiharibika? Kijana akisema saa tatu usiku kwamba hataki kuishi, aliyeko Nairobi yuko umbali wa takriban kilomita 280 na mji wa Isiolo, na mbali zaidi ya hapo na Kinna. Kwa hiyo kikao cha kwanza kisianze bila majina ya watu wazima wawili walio karibu na mtoto, namba zao, na kituo cha afya kilicho jirani. Serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mwezi Septemba 2023. Wapo vijijini, wanajulikana kwa majina, wanaingia nyumbani bila kubisha sana. Mmoja wao akijua tu kwamba anaweza kupigiwa, pengo hilo linapungua. Msalaba Mwekundu nao wana namba 1199 ya bure. Na tangu Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakiuka katiba, familia haina tena sababu ya kuogopa kwamba mtoto aliyejaribu kujiua atapelekwa polisi badala ya hospitali. Habari hii haijafika kwenye maboma mengi. Machifu waitangaze barazani.

Wazazi wanaokataa wajue pia kwamba kijana ameshaanza kutafuta majibu mwenyewe. Akipata simu ya mtu yenye bando, anaiuliza mashine ya akili bandia kwa nini moyo wake unadunda. Mashine inamjibu kwa upole, saa yoyote, bila kumjua, bila kujua Kinna ni wapi, na bila mtu wa kumpigia akiwa hatarini.

Tatizo moja linabaki ambalo mshauri na mzazi hawawezi kulimaliza peke yao. Watoto wetu wengi wa sekondari wako bweni, na simu haziruhusiwi shuleni, jambo ambalo wazazi wenyewe wanaliunga mkono. Maana yake kijana anayeanza vikao likizo ya Aprili, akazoea sauti ya mshauri, akapanda hatua mbili tatu, anakatwa siku shule inapofunguliwa, yaani siku hofu yake inapoanza. Anakaa muhula mzima bila kikao, kisha anarudi Agosti akiwa chini ya pale alipoanzia. Shule haihitaji kufuta marufuku yake. Inahitaji simu moja ya shule, chumba cha mwalimu wa ushauri nasaha kikiwa na mlango uliofungwa na mwalimu nje yake, saa moja Jumamosi, na barua ya mzazi inayotaja jina la mtoto na jina la mtaalamu. Mkutano wa wazazi wa muhula ujao unaweza kulipitisha hilo bila kungoja kaunti wala wizara, na mwalimu mkuu hawezi kulianzisha kabla mzazi mmoja hajasimama akaliomba.